Mtoto anaharisha, na jua likitua haoni

Swali limetoka kwa mama kijana wa Kizingitini, kisiwani Pate, huko Lamu. Nalifupisha: "Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Ameharisha wiki tatu sasa. Anapoa siku moja, mbili, kisha yanarudi. Tangu juzi nimeona jambo jingine. Ikiingia magharibi hataki kutembea, anashika ukuta, anajikwaa kwenye ndoo iliyoko pale pale siku zote, na nikimpa kitu hakioni mpaka nimguse nacho mkono. Mchana anacheza kama kawaida. Kwenye jicho la kushoto, upande wa sikio, kuna kitu cheupe kama povu. Mama mkwe asema ni kijicho cha watu. Babu yake ataka tumpe sifa, mafuta ya papa. Dukani nimeuziwa dawa ya matone. Je, kuharisha na macho vina uhusiano? Na karoti huku hatuzipati kila siku. Nina na mwingine mdogo."

Mwanangu, nakupa jibu kwanza na sababu baadaye, maana jambo lako halingoji.

Ndiyo, vina uhusiano, tena wa karibu sana. Kwa ulivyoeleza, mtoto ameishiwa na vitamini A, na kule kuharisha ndiko kulikommaliza. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Faza. Chukua kijitabu chake cha kliniki. Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe haya: "Mtoto haoni magharibi, na ana povu jeupe jichoni." La tumbo lifuate. Nakuambia hivyo kwa sababu nimeona mara nyingi: mama akianza na kuharisha, anayemsikiliza huandika kuharisha, hutoa dawa ya kuharisha, na jicho halitazamwi.

Ulichokiona wewe magharibi ndicho kipimo chenyewe. Mtoto wa umri huo asiyeona jioni na mwenye povu jichoni hupewa vitamini A siku ile ile anayoonekana, bila kungoja majibu ya damu. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja na kuendelea, dozi ni yuniti 200,000 siku ya kwanza, yuniti 200,000 nyingine siku ya pili, na ya tatu baada ya wiki mbili. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa nusu ya hizo, yaani 100,000, na aliye chini ya miezi 6 hupewa 50,000, kwa mpango huo huo wa mara tatu. Ni kapsuli ndogo za mafuta: nyekundu ni ya wakubwa, ya buluu ni ya wadogo. Muuguzi huikata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mafuta yaliyomo mdomoni.

Hapo kwenye mara tatu ndipo wazazi wengi wanapopotea. Matone ya vitamini A ambayo watoto hupewa kila miezi sita ni ya kinga, nayo ni mara moja tu. Mtoto ambaye jicho limeshaonyesha dalili anatibiwa, na matibabu ni dozi tatu. Ukipewa moja ukaambiwa nenda, uliza kwa adabu: "Na ya kesho, na ya wiki mbili?" Kama nauli ni shida, omba ile ya siku ya pili uende nayo nyumbani ukampe mwenyewe, hilo linaruhusiwa, mradi wakuonyeshe jinsi ya kuikata. Na usiogope wakikuambia mtoto huenda akatapika kidogo au akalalamika kichwa baada ya dozi. Hupita katika siku moja au mbili.

Hiyo dawa ya matone uliyouziwa, usimtie tena. Ibebe uende nayo wakaisome. Nyingi ya dawa za "macho mekundu" zinazouzwa bila kupimwa zina steroidi ndani yake, kama deksamethasoni au betamethasoni. Steroidi huondoa wekundu, mama akafurahi, kumbe kama kioo cha jicho kina kidonda, kidonda kinazidi kuchimba chini kwa chini. Jicho la mtoto huyu halijaharibika kwa vijidudu kutoka nje. Limekauka kwa kukosa chakula kutoka ndani.

Kabla hamjaondoka, ningependa umtazame vizuri wewe mwenyewe, maana kesho utaulizwa. Mtoe barazani asubuhi kwenye mwanga, jua likiwa upande wala si usoni kwake. Mtu amkalishe pajani. Weka kidole gumba kwenye mfupa wa shavu, vuta ukope wa chini taratibu. Usibonyeze jicho hata kidogo, kwa sababu jicho lililolainika kwa ugonjwa huu linaweza kupasuka. Sasa tazama weupe. Jicho lenye afya weupe wake unang'aa, una maji, kama ndani ya ganda la chaza lililotoka baharini sasa hivi. Jicho lililokauka halina mng'aro huo. Utaona sehemu zimefifia, zina mikunjo midogo midogo, na akipepesa haziloi. Madaktari wa zamani walizifananisha na mafungu ya mchanga yanayochomoza maji yakipwa, na mtu wa Pate hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Povu lenyewe huitwa doa la Bitot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyelieleza mwaka 1863. Ni ngozi ya juu ya jicho iliyokauka na kukoboka, ikachanganyika na vijidudu vinavyotoa hewa. Ndiyo maana lina sura ya povu la sabuni au jibini. Laweza kufutika, kisha likarudi. Aghalabu hukaa upande wa sikio, kama ulivyosema.

Kisha tazama kioo, ile sehemu ya mbele iliyoufunika weusi wa jicho. Kikiwa angavu, na taswira ya mlango au dirisha inaonekana juu yake safi, tuna nafasi nzuri. Kikiwa na ukungu, au kimekwaruzika kama chupa iliyookotwa ufuoni, au mtoto anafumba macho kwa nguvu akikataa mwanga, basi usingoje hata kidogo. Tafuta usafiri saa ile ile. Kutoka hatua ya ukungu hadi kioo kuyeyuka kabisa huweza kuwa siku moja tu.

Naandika hivi kwa sababu ya mtoto mmoja wa kiume niliyempokea miaka mingi iliyopita. Alikuwa na miaka mitatu, ametoka kuugua surua, na kuharisha kukamshika juu yake. Alikuwa amepelekwa mara mbili kwenye zahanati, akapewa dawa ya tumbo na mafuta ya kupaka machoni. Hakuna aliyeuliza kama anaona jioni, na mama yake hakujua kwamba hilo ni jambo la kusema. Alinieleza baadaye kwamba mtoto alikuwa akilia taa iwashwe, na taa ilikuwa inawaka. Walidhani ni deko la mgonjwa. Alipofika kwangu jicho la kulia lilikuwa limelainika kama ute wa yai la kuchemsha nusu, na tulilipoteza. La kushoto lilipona kwa kapsuli zile zile tatu ambazo bei yake haifiki ya soda moja. Tangu siku hiyo, kila akija mtoto anayeharisha, mimi humuuliza mama yake swali moja kabla ya yote: jioni anatembeaje?

Sasa sababu. Vitamini A mtu huila leo akaiweka. Ghala lake ni ini. Mtoto anayekula vizuri huwa na akiba ya miezi kadhaa, na ndiyo maana dozi moja kubwa humtosha kwa miezi minne hadi sita. Kutoka kwenye ini huletwa kwa damu mahali pawili panapotuhusu. Nyuma ya jicho kuna seli zinazofanya kazi gizani, seli fimbo, nazo hutengeneza rangi yao ya kunasa mwanga hafifu kwa vitamini A. Rangi ikipungua, mwanga wa mchana bado unatosha, lakini wa magharibi hautoshi. Ndiyo maana binti yako anacheza adhuhuri na kushika ukuta jua likitua. Mahali pa pili ni ngozi laini zote zenye ute: ya jicho, ya koo, ya mapafu, na ya utumbo. Zikikosa vitamini A zinaacha kutoa ute na kuwa kavu na ngumu.

Hapo utaona jinsi tumbo na jicho vinavyovutana. Anapoharisha, chakula hupita mbio na mafuta hayafyonzwi, na vitamini A husafiri ndani ya mafuta. Hamu ya kula hupotea. Pengine na nyinyi, kwa nia njema, mmempunguzia chakula ili tumbo "lipumzike". Homa ikiingia, figo humwaga vitamini hiyo kwenye mkojo, jambo ambalo mtu mzima wa afya halimtokei. Ghala linaingiza kidogo na kutoa sana. Likikauka, utando wa utumbo nao hudhoofika, vijidudu hupenya kwa urahisi, na mtoto huharisha tena. Wiki tatu za kupoa na kurudi ni mzunguko huo hasa. Hatuwezi kutibu tumbo tukaacha jicho, wala jicho tukaacha tumbo.

Na jambo hili ni zaidi ya macho. Mwaka 1983 daktari wa macho wa Marekani, Alfred Sommer, aliyekuwa akifanya kazi Indonesia, alitangaza kwamba watoto wenye dalili ndogo tu, kutoona usiku au doa la Bitot, walikuwa wakifa kwa kiwango cha takriban mara nne ya wenzao wenye macho mazima. Wengi walifia kwenye kuharisha na magonjwa ya kifua. Wengi hawakumwamini. Sommer na wenzake walifanya jaribio jimbo la Aceh, vijiji 450, nusu ya vijiji watoto wakapewa kapsuli kila miezi sita, na mwaka 1986 matokeo yakatoka: vifo vilipungua kwa asilimia 34 kule walikopewa. Majaribio ya nchi nyingine yalipojumlishwa baadaye, wastani ulikuwa karibu asilimia 23. Kwa hiyo mama anayesema "haoni magharibi" ananiambia habari ya mtoto ambaye mwili wake wote umekosa ngao.

Nije kwa babu na sifa yake. Mwambie ninamheshimu, na kwamba hakukosea asili ya jambo. Ini la papa limejaa vitamini A. Miaka ya 1940 papa walivuliwa kwa wingi mno pwani ya California kwa ajili ya maini yao tu, mpaka viwanda vilipojua kutengeneza vitamini yenyewe. Tena tangu zama za Misri ya kale ini lilikuwa tiba ya kutoona usiku. Lakini sifa inayopakwa mashua haina kipimo. Ini la papa mmoja laweza kuwa na vitamini mara nyingi kuliko la mwingine, na vitamini A ikizidi ni sumu: mtoto hutapika, kichwa humuuma, utosi wa mtoto mchanga huvimba, ini huumia. Isitoshe mafuta hayo yamekaa juani, yamechacha, na tumbo la binti yako halihitaji kitu kama hicho wiki hii. Kapsuli ina kile kile anachokitaka babu, kikiwa kimepimwa. Sifa ibaki kwenye mbao za chombo.

Kwa mama mkwe sina ubishi. Asomewe, aombewe dua, na asomewe akiwa njiani kwenda Faza. Ninachoomba ni kimoja: kisitiwe chochote jichoni. Si maziwa ya mama, si asali, si maji ya majani, si chai, si mate. Na wanja nao usimpake. Aina nyingine za wanja zina risasi ndani, madini ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na hata usio nayo huingiza uchafu kwenye jicho lisilo na maji ya kujisafisha. Bibi zetu wa Amu, yaani Lamu, hutusihi tuyatunze mato, ndiyo macho, kuliko dhahabu. Kuyatunza wiki hii ni kuyaacha bila kitu.

Tumbo. Kuharisha kunakozidi siku 14 kuna jina lake na kunahitaji kutazamwa na mtu. Apimwe uzito, na mkono uzungushiwe ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo kijani. Kama kinyesi kina damu, sema, kwa kuwa hiyo hutibiwa kwa dawa nyingine. Usimpe dawa za kufunga tumbo zinazouzwa madukani; kwa mtoto mdogo zina hatari.

Vinavyomfaa ni vitu viwili ambavyo kila zahanati inapaswa kuwa navyo: zinki na ORS, ile poda ya chumvi na sukari inayoyeyushwa kwenye maji. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (aliye chini ya miezi 6 hupewa 10). Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maji. Wengi huacha siku ya tatu tumbo likitulia. Usiache, kwa sababu zile siku za mwisho ndizo zinazouponya utando wa utumbo na kuzuia kurudi. ORS, soma pakiti kama ni ya nusu lita au lita moja, upime kwa chupa unayoijua. Baada ya kila choo mpe kiasi cha nusu kikombe hadi kikombe kidogo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Na maji ya kuchanganyia, hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa kuwa mwandishi wa maelekezo ya pakiti hakijui kisima cha Pate. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi. ORS imeshapimiwa chumvi yake. Ukiichanganya na maji ya munyu, chumvi inazidi mwilini mwa mtoto aliyekauka, na inaweza kumletea degedege. Tumia maji ya mvua yasiyo na chumvi, ya jabia (birika la kukusanyia maji ya mvua) au tangi, yachemshe kwanza yatokote, yapoe, ndipo uchanganye. Jabia iliyo wazi huingia majani, vinyesi vya ndege, na ndoo za kila mtu. Kama hamchemshi maji ya kunywa ya mtoto, basi huenda tumeupata mlango ambao ugonjwa unaingilia kila wiki. Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, na mkono usitumbukie.

Ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, hawezi kunywa, au amelegea hashtuki, hiyo ni dharura hata kama usiku wa manane.

Sasa chakula. Ukweli ni kwamba chakula hakitamponya wiki hii. Ghala limekauka na tumbo linavuja. Kapsuli inajaza kwa siku mbili kile ambacho mboga ingechukua miezi. Lakini baada ya kapsuli ni chakula tu kitakachozuia arudi hapo, na karoti unayoihangaikia haina lazima yoyote.

Mtoto wa umri wake anahitaji mikrogramu 300 hivi kwa siku. Kipande cha ini la ng'ombe cha ukubwa wa kiberiti, mara moja kwa wiki, kinamtosha karibu wiki nzima. Yai moja linampa sehemu. Maziwa ya mama, kama bado ananyonya, ni hazina, na kuharisha si sababu ya kumwachisha. Ni sababu ya kumnyonyesha zaidi. Na samaki? Nyinyi ni watu wa bahari na najua jibu hili litakushangaza: mnofu mweupe wa changu au tafi ni chakula kizuri cha kujenga mwili, lakini vitamini A yake ni kidogo. Imo kwenye ini la samaki, na kwenye vidagaa vinavyoliwa vizima na kichwa chake. Vidagaa vitwange vizuri, uvichanganye kwenye uji. Maini ya samaki usiyaguse ovyo, maana la bunju, yule samaki anayejivimbisha, linaua.

Habari ya samaki inanikumbusha Denmark. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia nchi ile ilikuwa imejaa siagi, na siagi ina vitamini A tele. Ila iliuzwa nje kwa bei nzuri, na watoto wa maskini walipewa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Daktari wa watoto wa Copenhagen, Carl Bloch, akaanza kupokea watoto wenye macho kama ya binti yako, wengine wakapofuka kabisa. Biashara ya nje ilipozibwa na vita na siagi ikagawiwa kwa kila nyumba, ugonjwa ukatoweka. Ninapoona mayai ya kienyeji yote yanauzwa, papai zuri linapanda boti kwenda Amu mjini, na mtoto wa nyumba hiyo amelala na wali mweupe na chai ya rangi, humkumbuka Bloch. Yai moja kati ya matano libaki nyumbani, mwanangu. La mtoto.

Kwa kila siku kuna mboga. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde, matembele: yote ya kijani iliyokolea yana ile asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Boga la njano ndani. Papai lililoiva. Embe likiingia msimu, liwe ngowe, boribo au apodo, mpe ale mpaka kidevu kigeuke njano. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa ukivipata, na mbegu yake ukaipanda nyuma ya nyumba, utakuwa umemaliza shida ya mwaka. Vile vyeupe ndani havina, kama ambavyo mahindi meupe hayana.

Lakini mboga ya majani bila mafuta hupita tu. Hapa ndipo sisi wa pwani tulipobarikiwa, kwa kuwa tuna nazi. Nazi yenyewe haina vitamini A. Nazi ni chombo, na shehena ni mchicha. Fanya hivi. Osha mchicha mzima kabla ya kuukata. Kaanga kitunguu kwa kijiko cha mafuta, tia mchicha na tui jepesi, funika, moto wa wastani. Ukishalainika, dakika tano, sita, tia tui zito, koroga likolee, epua. Usiuache jikoni mpaka ugeuke rangi ya udongo, na usiuanike juani kabla ya kupika, maana jua na moto mrefu huiua ile asili. Mchotee mtoto vijiko viwili, vitatu vya kulia, uvipondeponde na wali laini uliochanganywa na huo mchuzi. Akiwa ndio kwanza anapata nafuu atakula kidogo. Basi ale mara tano au sita kwa siku, na baada ya kupona umwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili afidie.

Mafuta ya kupikia ya pakiti yenye nembo ya kuongezwa virutubishi yametiwa vitamini A, ndivyo sheria ya Kenya ilivyotaka tangu 2012. Yale ya kupimiwa kutoka mtungi ulio wazi juani, mwanga umeshaila.

Baada ya matibabu haya mtoto arudi kwenye ratiba ya kawaida: dozi moja kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Ukikosa kliniki, wiki za Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, huwa mwezi wa Mei na Novemba. Tazama kwenye kijitabu kama alipata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, kwa kuwa surua humaliza akiba ya vitamini A kwa siku chache kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Umetaja kwamba una mwingine mdogo. Mtazame macho naye, na aende kliniki pamoja na dadake, kwani wanakula sufuria moja. Wewe mwenyewe usimeze kapsuli ya mtoto hata ukijiona dhaifu. Kama una mimba, au huna hakika, dozi kubwa kama hiyo yaweza kumlemaza aliyemo tumboni. Zamani waliojifungua walipewa, na shangazi zako watakuambia. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza hivyo mwaka 2011.

Jioni ya pili au ya tatu baada ya kapsuli ya kwanza, kabla hujawasha taa, weka bakuli jeupe sakafuni hatua nne kutoka kwake, na ndani yake tende. Usimwonyeshe kwa kidole, mwambie tu kuna tende. Kutoona usiku huondoka upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Lile povu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo lisikutie hofu. Akiliendea bakuli moja kwa moja, tunakwenda vizuri. Akipapasa, mrudishe Faza asubuhi yake. Na tarehe ya dozi ya tatu, mwambie muuguzi aiandike kwenye kijitabu mbele yako, halafu na baba yake aiandike ukutani kwa mkaa pale anapotundika nyavu.